Wote wanakwenda Mwaka Kogwa, mimi nabaki na sufuria

Assalaam alaykum Somo,

Mimi ni mwanamke wa Kipemba, kwetu Wete, nimeolewa Unguja na mtu wa Makunduchi. Tunakaa mjini, pande za Fuoni. Mume wangu ni mtu wa ofisini, mie napika vitafunio nauza karibu na skuli. Watoto tunao, bado wadogo. Ndoa yetu, alhamdulillahi, haina kelele. Basi usije ukadhani nakuletea kesi ya talaka. Shida yangu ni siku moja tu ndani ya mwaka.

Kila ikifika Julai Makunduchi wana sherehe yao ya mwaka mpya, Mwaka Kogwa, na sisi lazima twende kwa mavyaa, mama wa mume wangu. Kwenda sina tatizo nako. Kabla sijaolewa nilikuwa naisikia kwa watu: wanaume wanapigana kwa migomba, wanawake wamevaa wamependeza wanauzunguka uwanja kwa nyimbo, kibanda cha makuti kinatiwa moto na mtu yumo ndani, kisha watu wanateremka pwani. Nikajiambia, nikiolewa huko nitakwenda kuyaona. Mie napenda shamrashamra toka utoto. Kwetu likitajwa neno la mchezo wa ng'ombe, hata kama ni mbali, tushatoka zetu na binamu zangu, zumari linalia, vijana wanamchokoza ng'ombe kwa nguo, sie tuko pembeni na karanga zetu tunawacheka wanaokimbia.

Somo, tangu niolewe uwanja wa Makunduchi sijauona. Moshi niujuao ni wa kuni. Siku ya mwaka yenyewe tunaamka kabla ya adhana, nakuna nazi, nachagua mchele, nakaanga vitunguu mpaka macho yanavimba. Mume wangu anaalika. Anaalika watu wa kazini, anaalika wa barazani, na hao nao wanakuja na wenzao. Idadi siambiwi, naijua gari zikishasimama mlangoni. Mawifi zangu wanavaa doti mpya, wanajifukiza udi, wanachukua simu zao, "Tunarudi sasa hivi, wifi," hao! Tunabaki mie na mavyaa, yeye kwenye kibao anapepeta, mie kwenye mafiga.

Nyimbo nazisikia kutoka uani. Zinakuja na upepo vipande vipande, maneno siyapati, napata vicheko. Mara mtoto wa wifi anaingia mbio kunywa maji, nywele zimejaa nyuzi za mgomba, ananiuliza, "Mkaza mjomba, kwani wewe huendi?"

Mwaka jana nilijitahidi. Nilipika mapema, nikaipalia pilau makaa juu na chini, nikajifunga kanga, nikamshika mwanangu mkono tukatoka. Tunafika kwenye kona, vumbi la uwanja nishaliona, gari la mume wangu hilo linakuja limejaa watu. Akateremsha kioo: "Mnakwenda wapi? Hawa wageni wana njaa." Hakusema kwa ubaya, Somo. Akafungua mlango tukapanda, nikarudi kupakua. Mgeni mmoja akaniambia, "Shemegi, leo umekosa mambo!" Ananionyesha kibanda kinawaka kwenye simu yake, na mkono wa pili ana paja la kuku.

Mwaka huu nimewaza nijisingizie homa. Au nikate boti niende zangu Pemba wiki ileile. Dada yangu ananambia mwanamke akiolewa avumilie, heshima yake iko jikoni. Mavyaa sina ubaya naye, ni mtu mpole, lakini nachelea nikisema neno ataona nazidharau ada zao, na mie mtu wa kuja. Nifanye nini nami niipate siku hii, nicheke na wanangu?

Mpemba wa uani

*

Waalaykumu salaam mwanangu.

Homa iache. Ukishajitia mgonjwa utalazwa chumbani siku nzima, unanukishwa na kuwekewa uji, uwanja hutauona vilevile. Na boti ya Pemba wakati wa upepo wa kusi unaijua mwenyewe, pale mkondo wa Nungwi watu hutoa walichokula juzi. Ulipe nauli ukatapike, ili kumkomoa nani?

Nimeisoma barua yako nikimtafuta mavyaa mkorofi, simuoni. Wewe na yeye mmefungwa uani pamoja. Wa kuzungumza naye ni yule anayealika watu asiowapikia. Tena sisemi kwamba mume wako ni mtu mbaya. Mtu anayefungua mlango wa gari akaona amekufanyia hisani, huyo hajui. Tangu akiwa mtoto siku ya mwaka kwake ni kutoka asubuhi, kucheza, kurudi na kukuta sinia limeshateremshwa. Hajapata kuuliza nani alikuwa akiliteremsha, kwa sababu siku zote lilikuwa lipo.

Kuhusu ada, nataka uielewe, maana umesema unaogopa kuidharau. Watu wa Makunduchi wana imani kwamba nyumba kupitiwa na siku ya mwaka bila ya mgeni ni nuksi. Ndiyo maana mtu yeyote akitokea huko siku hiyo hukaribishwa, hata kama hajulikani. Ni ada nzuri, na mimi naipenda kuliko hata huo moto. Lakini ada imetaka mgeni. Haikutaka ofisi nzima. Wala haikusema mgeni apikiwe na mtu mmoja aliyefungiwa uani asione kitu. Mgeni amekuja Mwaka, pilau angeipata hata mjini. Kama mnataka kuishika ada kwa haki yake, basi nyumba ile ina mgeni wa tangu zamani ambaye hajawahi kupelekwa uwanjani, naye ni wewe.

Sasa namna ya kusema. Usingoje usiku wa kuamkia sherehe, wakati mchele ushaloweka na wewe ushachoka. Hapo kila neno litatoka na moto. Julai ikiandama tu, tarehe ikishasikika, mtafute akiwa ameshakula na watoto wamelala. Usianze na "mie nimechoka". Mwanamume akisikia nimechoka hufikiria kukutafutia msichana wa kazi, au hukwambia pole, basi limekwisha. Mwambie unachokitaka: "Baba fulani, mwaka huu nataka twende mimi na wewe na watoto uwanjani, tangu tuoane hatujawahi." Kisha nyamaza. Mwache aitafute mwenyewe ile siku mliyokwenda pamoja. Hataipata.

Akishakubali, na naona atakubali, mfunge kwa mambo mawili. Idadi ya wageni uijue siku tatu kabla, na fedha ya chakula cha wageni wake itoke mfukoni mwake pamoja na ya mpishi. Wanaume wetu hawa kwenye maulidi na harusi ndio wanaosimama na miko mirefu kwenye masufuria makubwa, pilau la watu mia linawatoka hivi hivi. Kijijini hakosekani mmoja wa namna hiyo. Apewe chake, apike kwenye kiwanja cha nyuma tangu usiku, wewe na mavyaa mje muonje chumvi tu. Mume wako akiona gharama ni kubwa, na yeye apunguze wa barazani.

Na kama fedha hakuna, ziko njia za kujipikia bila ya kufungwa. Nashangaa mwenye mkono wa vitafunio kama wewe unahangaika na pilau siku ya shughuli. Piga biriani. Masala yake unayatengeneza jana yake jioni, nyama ishaiva na mtindi na tungule, yaani nyanya, na viungo vyake, vitunguu vya kukaanga viko kwenye bakuli, tena yakilala ndiyo yanakolea. Yanataka kupashwa moto vizuri tu asubuhi. Umebakiwa na wali wa kuchemsha, huo hata saa moja haufiki, na kuku wa kuchoma wanaweza kushikwa na vijana. Nazi zikunwe usiku, na wakunaji wawe mawifi zako. Hapo sikuachii uwe mpole. Wifi anayesema "tunarudi sasa hivi" mpe mbuzi ya nazi usiku kabla udi haujawashwa. Hao rafiki wa mume wanaokuja kulala tangu siku ya kwanza nao washike kisu, wamenye vitunguu thomu. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa Makunduchi wakati wa mwaka naona hata hizo mbili ni nyingi.

Dada yako anasema heshima iko jikoni. Sitabishana na mtu aliye mbali, ila mwanamke anayepika kwa hiari yake na yule anayesikia vicheko vya wenzake ng'ambo ya ukuta hawatoi pilau ya aina moja, na walaji wanajua.

Ninalotaka ulishike kuliko yote hayo ni hili la mavyaa. Umeandika kwamba yeye naye hubaki, anapepeta. Hukuandika lini mara ya mwisho alifika uwanjani, na naamini hukumuuliza. Mtu aliyezaliwa Makunduchi, aliyekua akizivaa doti mpya na kuzunguka uwanja na mashoga zake, sasa anapepeta mchele wa watu wa ofisini. Nenda kwake kabla hujakwenda kwa mumeo. Usimwombe ruhusa. Mwambie, "Mama, mimi mtu wa Pemba sijui kitu, nataka wewe ndiye unipeleke Mwaka, unifundishe." Hapo umemvisha cheo. Ada umeiheshimu mbele ya mwenye ada, na mume wako ataanzia wapi kuwarudisha nyie wawili nyumbani? Atafungua mlango wa gari amrudishe mama yake akapakue?

Na atakufundisha kweli. Muulize miongo, wazee wakiihesabu siku kumi kumi mpaka 360, na tano za juu zitimie 365 za mwaka wa jua, wakajua lini kupanda na lini bahari itageuka. Muulize habari za Washirazi na Nairuzi, mwaka mpya wa Uajemi, ambako Mwaka Kogwa unanasibishwa. Muulize khasa nyimbo. Zile nyimbo za wanawake zina mafumbo, zina kejeli, zina mapenzi, nyengine zina matusi ya wazi ambayo siku nyengine mtu mzima hayatamki. Mpole wako huyo anaweza akakushangaza. Mimi nimewahi kusimama karibu na bibi mmoja wa huko, mkongojo mkononi, ushungi mpaka kwenye nyusi, akamwimbia mwanamume aliyekuwa akipita mbele yetu ubeti mmoja tu, yule bwana akageuza njia.

Siku yenyewe, laleni kijijini tangu jana yake. Ukiondoka mjini asubuhi ile na gari za 310, daladala za Makunduchi, utasimama njia nzima kutoka kituoni, mtoto mmoja mgongoni, mmoja analia, na njia ni ndefu, mpaka mnapita Jozani ushakata tamaa. Vaa doti, usivae dera refu litakalokokota chini. Ardhi ya kusini ni mawe matupu, basi viatu vya chini, vilivyofungwa. Nimeona mabibi wamekuja na visigino wakaishia kuvishika mkononi. Maji chukua. Fedha chukua ndogondogo, noti kubwa utaambiwa hakuna chenji na mwanao ameshaling'ata malai.

Mwambie mavyaa mfike mapema, kabla wageni wa mahoteli hawajajaza mstari wa mbele na kamera zao. Yanatangulia mapigano. Wanaume wa upande wa kaskazini na wa kusini wanakabiliana kwa migomba, kinyongo cha mwaka mzima kinamalizwa pale. Utamjua anayecheza na anayelipa deni. Mgomba ni laini lakini ukikupata sikioni utausikia, na umati ukirudi nyuma hurudi wote kwa pamoja, kwa hiyo wewe na watoto simameni nyuma ya wazee, wala usimwachie mtoto mkono ati kwa sababu binamu zake wamo. Mume wako kama anataka kuingia aingie. Itakuwa mara ya kwanza wanawe wanamwona akipigwa, watasimulia mpaka mwakani.

Kibanda kinafuata. Ni cha makuti, kidogo, mtu anaingia, kinawashwa, na makuti makavu hayasubiri, yanashika mara moja. Atatoka, usijali, atakimbilia kichakani. Watu watakuwa wanakimbia kuuzima moto, kelele, vumbi, huoni vizuri. Moshi unatazamwa umeelekea wapi, wazee wanasoma humo heri ya mwaka. Kipindi hicho upepo ni wa kusi, kwa hiyo wewe usiye na la kusoma simama upande wa kusini, macho yako yamepata moshi wa kutosha uani. Kama roho yako ina shaka na mambo ya tambiko, kuyatazama hakukulazimishi kuyaamini, na wako wengi huko wanaokuja kwa ndugu na chakula tu.

Halafu kula. Si biriani yako. Zunguka penye meza za akina mama, nunua kitu kilichopikwa na mtu mwengine: mishkaki, katlesi, urojo kama upo, kaa kwenye jiwe ule pole pole na mavyaa, usitoe kasoro hata kama ukwaju umezidi. Wageni wa mume wako wanajua njia ya nyumbani, chakula kipo chini ya kawa, mwenyeji wao anao mikono miwili ya kupakulia. Akikupigia simu kukuuliza mwiko uko wapi, mwambie ulipo.

Baada ya adhuhuri mteremke pwani. Uliza maji yako vipi siku hiyo. Ikiwa bamvua na maji yametoka, watoto wanaweza kutembea mbali wakiokota, lakini yakianza kujaa yanakuja kwa kasi, uwarejeshe mapema. Ngoma zitakuwepo, na kadiri jua linavyozama vijana hutwaa pwani kwa muziki wao. Hapo mie huwa nishaondoka, sina cha kusema zaidi. Wewe bado kijana, ukitaka kukaa na mumeo mpaka usiku na mavyaa akarudi na watoto, hiyo ni siri yenu.

Gari za kurudi mjini jioni ile hujaa, na madereva hukimbizana. Laleni tena usiku wa pili, mrudi asubuhi.

Somo